Mkunga wa bustani: samaki ambaye nusu ya maisha yake ni shimo

Mwanzoni mwa Mei 2020, Sumida Aquarium ya jijini Tokyo ilitoa ombi la ajabu: watu wapige simu za video ili samaki wawaone. Milango ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Machi kwa sababu ya korona. Katika tangi moja waliishi mikunga wa bustani wapatao 300, na watunzaji waligundua kwamba kila walipopita mbele ya kioo walibaki wakitazama mchanga mtupu. Samaki wote walikuwa wamezama mashimoni, na samaki asiyeonekana huwezi kujua kama ni mzima au mgonjwa. Basi zikapangwa tableti tano mbele ya kioo, na kuanzia tarehe 3 hadi 5 Mei watu waliwapungia mikono samaki hao kupitia skrini, wakiombwa wasipaze sauti.

Habari ilizunguka dunia, na njiani ikabadilika sura. Wengi waliipokea kwamba samaki wamepatwa na upweke na wanawakumbuka wageni wao. Wengine wakacheka: samaki gani huyo mwenye kumbukumbu, wakati inasemwa kumbukumbu ya samaki haidumu hata sekunde tano? Na wengine, baada ya kuona picha za vijiti vyenye macho vilivyosimama mchangani, wakauliza swali la msingi kabisa: hawa kweli ni samaki, au ni nyoka?

Maswali hayo yote ni ya haki, na mimi nampenda mno kiumbe huyu, siwezi kuacha mkanganyiko uendelee. Yanajibika, ila tuanze na jina, halafu tushuke mchangani.

Mkunga ni nani, na nani si mkunga

Mkunga ninayemzungumzia ni samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Ni samaki kamili: anavuta pumzi kwa matamvua, ana mifupa ya samaki, ana mapezi. Mapezi ndiyo huwapotosha watu, kwa sababu hayajitokezi kama ya samaki wengine. Pezi la mgongoni limerefuka na kuambaa mwili mzima, nalo hukutana mkiani na lile la chini, likawa kama upindo wa kanga ulioshonwa kuzunguka ukingo. Mapezi ya tumboni hayapo kabisa. Ndiyo maana jicho la haraka linaona nyoka.

Nyoka wa baharini ni kiumbe mwingine kabisa. Ni mtambaazi mwenye mapafu, kwa hiyo hata akizama kwa muda mrefu lazima arudi juu kuvuta hewa. Mwili wake una magamba, na mkia umebapa kama kafi. Wengi wao wana sumu kali. Mkunga wa bustani hana sumu ya kuuma mtu, na mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba hata kukufinya hawezi.

Kwa upande wa pili, si kila kirefu kinachoitwa mkunga ni mkunga. Yule samaki wa umeme wa mito ya Amazon, anayejulikana sana kwa jina la mkunga wa umeme, kwa nasaba yuko karibu zaidi na kambare. Na wapo samaki wa vinamasi wa nchi za joto wanaochimba matope na kumeza hewa maji yanapopungua. Nao watu huwaita mikunga, lakini ni ukoo mwingine. Mikunga halisi wana alama moja ya kifamilia ambayo haionekani kwa mtu mzima. Nitaifikia mwishoni, maana inaonekana utotoni tu.

Ndani ya ukoo halisi wako wachimbaji wa aina kadhaa. Mikunga-nyoka wana mkia mgumu uliochongoka, na huweza kurudi nyuma mchangani kama sindano inayopita kwenye kitambaa. Wapo wengine wembamba kama tambi ambao huchimba kwa kichwa na kutembea chini ya mchanga. Mikunga wa bustani ni tofauti na hao wote, kwa sababu wenzao hutumia mchanga kama njia au maficho, wao wamejenga nyumba.

Spishi inayoonekana zaidi kwenye matangi na kwenye video ni Heteroconger hassi, mkunga wa bustani mwenye madoadoa. Urefu wake hufika sentimita 40 hivi, na unene wake ni wa kidole. Mwili ni mweupe uliotapakaa vidoa vidogo vyeusi, na juu ya hivyo yako madoa makubwa matatu: moja pembeni penye tundu la matamvua, la pili katikati ya mwili, la tatu sehemu ya haja. Macho ni makubwa na uso ni mfupi, umekatika ghafla. Wajapani humwita chin-anago. Anago ni mkunga wa baharini, na chin ni aina ya mbwa mdogo mwenye uso bapa. Ukimtazama kwa upande utawapa haki.

Makazi yake ni bahari za joto, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, kupita Bahari ya Hindi, hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki. Huishi kwenye mchanga ulio jirani na miamba ya matumbawe, mahali penye mkondo wa maji usiokatika, mara nyingi kina cha mita 15 hadi 45. Ana ndugu zaidi ya thelathini katika jamii ndogo hiyohiyo, wamegawanyika katika jenasi mbili (makundi ya spishi zinazokaribiana kinasaba), Heteroconger na Gorgasia, na baadhi yao hupita urefu wa mita moja.

Inafaa kujua pia kwamba binadamu waliwajua mikunga hawa wakiwa wafu muda mrefu kabla ya kuwajua wakiwa hai. Mholanzi Pieter Bleeker aliipa sayansi jenasi Heteroconger mwaka 1868, kutokana na samaki wa visiwa vya Indonesia. Samaki aliyelazwa ndani ya chupa ya pombe hasimulii kwamba alikuwa akisimama wima. Ilibidi watu wajifunze kuzama na kupumua chini ya maji ndipo bustani ionekane. Mzamiaji wa Austria Hans Hass, akisafiri na meli yake Xarifa katika Bahari ya Hindi mwaka 1957 na 1958, alikuwa na wanasayansi ndani ya meli. Wawili wao, Wolfgang Klausewitz na Irenäus Eibl-Eibesfeldt, walieleza mwaka 1959 mikunga wa Maldivi na visiwa vya Nicobar, na spishi yetu wakaipa jina la Hass.

Shimo hukaaje bila kuporomoka?

Chukua kidole ukichome kwenye mchanga ulio chini ya maji, kisha ukitoe. Tundu linajifuta palepale. Mchimba kisima katika ardhi ya mchanga anaijua shida hii vizuri: usipojenga ukuta unapochimba, ardhi inarudi. Mkunga wa bustani anachimba kisima hichohicho kila siku, na ukuta anaujenga kwa ngozi yake.

Huchimba kwa mkia. Ncha ya mkia ni ngumu, na pezi lililopo pale limepungua hadi karibu kutoweka, kwa hiyo hakuna kitu cha kukwama. Mkunga husimika ncha hiyo mchangani, hutikisa mwili na kujisukuma chini, huku pezi la mgongoni likisaidia kutoa mchanga nje. Wakati huohuo ngozi inatoa ute mzito. Ute huo unashikanisha chembe za mchanga pembezoni mwa tundu, kama fundi anayepiga lipu huku akichimba. Matokeo yake ni bomba lenye kuta laini, lenye upana wa mwenye nyumba na si zaidi. Ngozi yenyewe haina magamba, kwa hiyo kupanda na kushuka ndani ya bomba hakumchubui.

Hapa ndipo uongo mmoja maarufu unapozaliwa: kwamba mikunga hawa wameota mchangani, au wameungana chini kwa shina moja kama uyoga. Hawajaungana. Kila shimo lina mkunga mmoja. Uongo wa pili ni kwamba hawawezi kutoka. Wanaweza. Huogelea kama mkunga mwingine yeyote, na hulihama shimo na kuchimba jingine wakiwa na sababu. Ila sababu hazipatikani mara nyingi, kwa kuwa samaki mwembamba, asiye na miiba wala sumu, akiwa nje ya shimo juu ya mchanga mweupe ni chakula cha wengine. Wakati wa kula, sehemu kubwa ya mwili huwa juu ya mchanga na mkia hubaki chini. Mkia huo ni nanga, na ni kamba ya kujivutia ndani pia.

Kula bila kwenda popote

Sasa tufike kwenye sehemu inayonivutia kuliko zote. Mkunga wa bustani hula planktoni wanyama, yaani viumbe vidogo vinavyochukuliwa na maji: kopepoda (vijidudu vya jamii ya kamba), mayai ya samaki, lava, yaani watoto wachanga, wa wanyama mbalimbali. Wengi wao wana ukubwa wa milimita moja au chini ya hapo. Samaki wengine wanaokula chakula hiki huogelea kukifuata. Mkunga wa bustani hakifuati. Anasimama na kungoja mkondo umletee.

Fikiria mkondo unaokwenda sentimita 20 kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Kwa dakika kumi, maji yenye urefu wa mita 120 yamepita mbele ya uso wa mkunga ambaye hajasogea. Kazi yake ni kuona. Ndiyo maana macho ni makubwa kuliko unavyotarajia kwenye kichwa kile, na ndiyo maana hula mchana tu, na usiku hubaki shimoni. Hachuji maji kama wavu. Anachagua punje moja, anajirusha kidogo, anaidonoa, anachagua nyingine. Bustani nzima hutazama upande mmoja kwa sababu hiyohiyo: chakula kinatoka juu ya mkondo. Mkondo ukigeuka, nao wanageuka.

Lakini mkondo unaoleta chakula unataka malipo. Aliyewahi kushika mwavuli siku ya upepo anajua kwamba upepo ukiongezeka kidogo, nguvu ya kuvutwa inaongezeka sana. Mkunga aliyenyooka wima katika maji ya kasi ni mwavuli uliofunguliwa. Akijinyoosha, anafikia eneo kubwa la maji lakini anachoka. Akijikunja, anapumzika lakini mikono yake, tuseme hivyo, inakuwa mifupi.

Wanasayansi wamepima maafikiano hayo. Katika Ghuba ya Aqaba, kaskazini mwa Bahari ya Shamu, watafiti waliochunguza ndugu yake, Gorgasia sillneri, walichapisha mwaka 2018 kwamba mkondo unapoongezeka samaki hubadili mkao kutoka wima hadi mpindo unaofanana na alama ya kuuliza, na mpindo huo unapunguza nguvu ya maji inayomvuta. Mwaka 2022 watafiti wa Okinawa, Japani, walichapisha kazi kama hiyo juu ya Heteroconger hassi wenyewe, wakiwa wamewaweka kwenye mfereji wa maabara ambao kasi ya maji inaweza kurekebishwa. Mkondo ulipoongezeka, mikunga walizidi kujirudisha shimoni na kujikunja, na wakawa wanadonoa chakula kilicho karibu tu. Kwa hiyo hata maji yanapokwenda kasi bado wanakula, ila mpaka kiwango fulani. Zaidi ya hapo wanashuka wakangoja.

Hebu tulia kidogo hapo. Samaki wa kawaida mkondo ukimzidi hujificha nyuma ya jiwe na kuacha chakula kipite. Huyu anaweza kuchagua, sentimita kwa sentimita, kiasi gani cha mwili wake akitoe kwenye maji. Shimo linamfanyia kazi ya maficho, na pia linamwezesha kubaki mezani wakati wenzake wameondoka. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya kufanikiwa kwake kwenye mchanga mtupu, mahali ambapo samaki wadogo wengi hawathubutu kukaa.

Mpangilio wa bustani nao unatokana na chakula. Mamia, na pengine maelfu, ya mikunga huishi pamoja, lakini hawagusani ovyo. Kila mmoja ana duara lake la maji, linalolingana na umbali anaoweza kufika akijipinda. Anayevuka duara la jirani hufokewa kwa mdomo wazi, na madume hupigana. Kuwaita kundi ni sawa, ila ni kundi la majirani wenye mipaka.

Kuhusu upweke

Turudi Tokyo. Mkunga anapokula amejianika. Hana ulinzi mwingine zaidi ya kuona mapema na kuzama haraka, kwa hiyo kila kivuli kikubwa kinachosogea kinahesabiwa kuwa adui mpaka kithibitike vingine. Baharini bustani huanza kuzama kuanzia upande ambao mzamiaji anatokea, safu kwa safu, na mapovu ya mtungi wake wa hewa yanaongeza hofu. Hofu hiyo ina sababu. Samaki kama vikande wamewahi kuonekana wakiwawinda. Na katika Ghuba ya California, mkunga-nyoka ameshuhudiwa akimshambulia mkunga wa bustani wa eneo hilo, yaani mchimbaji kwa mchimbaji. Dhidi ya adui anayepita ndani ya mchanga wenyewe, nyumba yenye mlango mmoja ni mtego.

Samaki aliyezaliwa na tahadhari hiyo akiwekwa kwenye tangi linalopitiwa na watu maelfu kila siku, mwanzoni anazama kila mara. Baada ya muda anajifunza kwamba vivuli vile havimdhuru, na anayezama bila sababu analala njaa. Ni kama mtu aliyehamia karibu na reli: usiku wa kwanza treni inamwamsha, mwezi wa tatu haisikii tena. Watafiti wa tabia za wanyama huita jambo hili kuzoea, na ni aina ya kujifunza. Tena linafutika. Aliyezoea treni akienda kuishi kimya kwa miezi miwili, akirudi ataamshwa upya.

Hilo ndilo lililotokea. Mikunga wa Sumida hawakuwa wakimlilia mtu. Walikuwa wamepoteza mazoea, na tahadhari ya asili ikarudi mahali pake. Simu za video zilikuwa njia ya kuwarudishia mazoea hayo taratibu, ili watunzaji waweze kuwaona na kuwakagua. Na wanaosema samaki hana kumbukumbu wajiulize: angeyapotezaje mazoea kama hakuwahi kuyajenga?

Neno la pembeni kwa wanaotamani kuwaona kwa macho yao, iwe nyuma ya kioo au baharini: simama. Usigonge kioo, usiwafukuzie. Anayekaa tuli kwa dakika kadhaa ataona kichwa kimoja kikichungulia, kisha kumi, kisha uwanja mzima.

Ndoa ya majirani

Kama kutoka nje ni hatari hivyo, wanapandanaje? Kwanza wanasogeza nyumba. Dume na jike hukaa kwenye mashimo yaliyokaribiana kiasi cha kufikiana. Halafu, mikia yao ikiwa bado ardhini, hujipinda wakaelekeana na kuviringana sehemu ya juu ya miili, kama nyuzi mbili zinazosokotwa. Mayai na mbegu za kiume huachiwa majini, mayai yaliyorutubishwa huelea, na mkondo huyachukua. Mkondo uleule unaowalisha ndio unaowapokonya watoto, na wazazi hawashughuliki nao tena.

Hapa ndipo inapojitokeza alama ya kifamilia niliyoiahidi. Anayetoka kwenye yai la mkunga halisi hafanani na mkunga hata kidogo. Ni lava bapa kama jani, mwenye kichwa kidogo, anayepitisha mwanga kiasi kwamba unaweza kuona kilicho nyuma yake. Wataalamu humwita leptosefali. Wanasayansi wa zamani walipowakuta majini waliwadhani kuwa samaki wa namna nyingine, na hawakuwa na sababu ya kuwahusisha na mikunga. Samaki wachache sana nje ya ukoo wa mikunga hupitia umbo hilo, na kambare na yule samaki wa umeme hawamo.

Kwa hiyo samaki ambaye ukubwani hatoki kwenye tundu lenye upana wa kidole, utotoni ndiye msafiri wa bahari kuu. Hapo ndipo panapofumbuka fumbo la namna spishi moja inavyoweza kuenea kutoka Bahari ya Shamu hadi katikati ya Pasifiki bila mtu mzima yeyote kusafiri.

Muda ukifika, lile jani hubadilika. Mwili unapungua, unaviringika, unaanza kushika rangi, na kiumbe mwembamba kama uzi anashuka kuelekea chini. Hajawahi kuona mchanga, wala hakuna wa kumfundisha. Anageuza mkia, anausimika, na kuanza kutikisa mwili.